MREJESHO: Kishale cha mausi kimetulia

Wakuu, niliuliza kwa nini kishale kinaruka na kupita vitufe vidogo nikisogeza mausi haraka, halafu kinajivuta nikienda taratibu. Limeisha, asanteni.

Dawa ilikuwa kuondoa tiki kwenye kile kipengele cha Windows cha kuongeza usahihi wa kishale. Kumbe kinapima kasi ya mkono. Sogeza sentimita tano kwa haraka, kishale kinavuka skrini nzima. Sogeza tano zilezile polepole, kinaishia njiani. Sasa mkono utazoea vipi umbali usiotulia? Siku za mwanzo baada ya kukizima niliona mausi imekuwa nzito, karibu nikirudishe. Vumilieni hapo, mkono unajifunza wenyewe.

Kitelezi cha kasi nimekiweka katikati, alama ya 6 kati ya 11, maana hapo Windows haiongezi wala haipunguzi mwendo unaotoka kwenye mausi. Kasi naipanga kwa DPI ya mausi yenyewe, yaani idadi ya hatua mausi inazohesabu kwa kila inchi unayoisogeza. 800 ilinichosha kiganja, 1600 ikawa inanipita kwenye kuchora, nimebaki na 1200. Aliyenishauri 12000, mkuu, wewe una mkono wa aina gani? 😂

Meza ya kioo nayo ilichangia, sensa ya mausi, lile jicho la chini yake, ilikuwa haioni kitu cha kushika. Nimeweka mkeka wa mausi.

Anayetumia padi ya kugusa ya laptopu asikurupuke kuzima hicho kipengele, nafasi ya kidole ni ndogo na pale kinasaidia.