Magari ya wagonjwa au mikono iliyozoea: fedha ya dharura ianzie wapi?

MWANZISHA MADA (muuguzi, kitengo cha dharura)

Ndugu zangu, naleta hoja ninayojua itatugawa. Kila viongozi wanapozungumzia huduma za dharura, ahadi inayopigiwa makofi ni magari ya wagonjwa. Yanapangwa mstari, yanakatiwa utepe, yanapigwa picha. Mimi nasema fedha ya kwanza isiende huko. Iende kwa mtu aliye karibu na majeruhi, na iende kwenye mlango wa hospitali. Gari lije la tatu.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Nina miaka 11 katika chumba cha dharura. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa baba wa makamo anayehema kwa taabu, midomo imeshabadilika rangi. Ndugu zake walimleta kwa gari lao wenyewe. Oksijeni ilikuwepo, mtungi umesimama ukutani, umejaa. Kilichokosekana ni spana ya kuufungulia. Mwenzangu mmoja alikimbilia wodi ya jirani, mwingine akawa anavuta droo moja baada ya nyingine. Mimi nilibaki nimemshika baba yule mabega asiteleze kitandani, namwambia avute pumzi taratibu, na mwenyewe najua ninachompa ni maneno tu. Spana ilirudi baada ya dakika kama nne. Ilikuwa imeazimwa na wodi ile tangu asubuhi, na hakuna aliyeandika popote.

Alifariki kabla hakujapambazuka. Sisemi spana ndiyo iliyomuua, alikuwa mgonjwa sana. Ila dakika zile nne zilikuwa zake, nasi tulizimalizia kwenye droo. Nje, kwenye maegesho, lilikuwepo gari la wagonjwa jipya kabisa.

Sasa tazameni dakika zenyewe zina uzito gani. Moyo ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila mtu kubonyeza kifua na bila mashine ya kushtua moyo, uwezekano wa kupona unashuka kwa asilimia 7 hadi 10. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hakuna nchi, hata yenye utajiri kiasi gani, inayoweza kufikisha gari kwenye kila nyumba kwa muda huo. Anayewahi ni aliyekuwa pale pale: mke, jirani, mwanafunzi, mlinzi. Denmark walilielewa hilo. Walianza kufundisha kubonyeza kifua shuleni mwaka 2005, na mwaka 2006 wakafanya huduma ya kwanza kuwa sharti la leseni ya udereva. Mwaka 2001, kati ya waliosimama moyo nje ya hospitali, waliosaidiwa na watu waliokuwepo walikuwa kama asilimia 21. Kufikia 2010 walikuwa karibu asilimia 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Mambo mengine nayo yalibadilika miaka hiyo, sikatai, lakini siwezi kuipuuza ile mikono.

Na anayedhani wingi wa magari unatosha akumbuke Manchester, Uingereza, Mei 2017, bomu lilipolipuka ukumbi wa muziki na watu 22 wakauawa. Magari yalikuwepo. Uchunguzi wa serikali uliotoka 2022 ulieleza kwamba katika dakika 40 za mwanzo mhudumu mmoja tu wa gari la wagonjwa ndiye aliyeingia kwenye chumba cha mlipuko, na kikosi cha zimamoto kilifika baada ya zaidi ya saa mbili. Majeruhi walibebwa juu ya vyuma vya vizuizi na mbao za matangazo, na waliowabeba wengi wao si wahudumu wa afya.

Nipingeni, lakini kwa hoja.

DEREVA WA GARI LA WAGONJWA

Dada muuguzi, pole kwa uliyoyaona. Hapo kwenye "gari lije la tatu" nakukatalia waziwazi.

Mama anajifungua usiku, mtoto amekwama, huduma ya kwanza gani ya mtaani itamtoa? Anahitaji chumba cha upasuaji, na kati yake na chumba hicho kuna barabara. Aliyevunjika paja anavujia damu ndani, huioni na huwezi kuikandamiza. Hao wote ukiwazungushia watu mia waliofundishwa huduma ya kwanza, bado watafia pale pale kama hakuna cha kuwabeba.

Halafu hiyo mikono unayoisifia, mimi ndiye ninayeikuta eneo la ajali. Nimekuta kijana wa pikipiki kavuliwa kofia kwa kuvutwa, shingo inakwenda huku na huku. Nimekuta mtu amekunjwa nyuma ya gari dogo kama gunia, miguu imebanwa na mlango. Waliofanya vile walikuwa na huruma ya kweli, na walimuumiza zaidi.

Ila nitakupa silaha moja dhidi yangu mwenyewe. Mimi niliajiriwa kwa leseni tu. Nyuma nabeba mgonjwa na ndugu yake, basi. Akitapika ndugu ndiye anamgeuza, akiacha kupumua ndugu ananigongea kioo. Mimi hapo nina mawili: nisimame nimsaidie bila kujua nifanye nini, au nikanyage mafuta. Huwa nakanyaga mafuta. Nafika, mlango wa hospitali umefungwa, naulizwa daktari gani alijulishwa. Nimepiga simu mara ngapi na hakuna aliyepokea!

Marekani nao walikuwa hivyo hivyo. Miji mingi ilibeba wagonjwa kwa magari ya polisi au ya kubebea maiti. Mwaka 1967, Pittsburgh, daktari Peter Safar alisaidia kuwafundisha wakazi weusi wa mtaa uliokuwa umetupwa, wengi wao hawana kazi, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini humo waliofundishwa kutibu mgonjwa humo humo ndani ya gari. Huduma hiyo iliitwa Freedom House. Waliokaa nyuma ndio waliokuwa tofauti. Kwa hiyo mimi nasema nunueni magari, na wekeni mtu nyuma.

ALIYEWAHI KUSAIDIA MAJERUHI

Mnagombania gari na mafunzo, na hakuna anayetaja hofu. Mimi nilimwokota mtu barabarani, gonga-ukimbie, nikamfikisha hospitali. Nilizuiwa hadi jioni. Polisi wananiuliza kama si mimi niliyemgonga, na pale dirishani wananiuliza nani atalipa amana, kwa kuwa nimemleta mimi. Mtu yule alipona, namshukuru Mungu. Lakini nikiri ukweli: wiki chache baadaye nilipita penye ajali nyingine, nikaona watu wamekusanyika, sikusimama. Nimelibeba hilo mpaka leo.

Nifundisheni mtakavyo, mafunzo hayanitoi hofu ya polisi. India mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliyapa nguvu ya sheria maelekezo kwamba anayemleta majeruhi asilazimishwe kutaja jina, asizuiliwe, wala asidaiwe gharama. Ujerumani wameongeza upande wa pili: kumpita mtu aliye hatarini wakati ungeweza kumsaidia ni kosa la jinai, na hupati leseni bila kozi ya huduma ya kwanza. Kinga na wajibu vimewekwa pamoja. Wajibu bila kinga ni kutuadhibu mara mbili.

MHASIBU WA HOSPITALI

Naomba nitetee dirisha, maana lawama zote huishia hapo. Karani anayedai amana hajaamka na roho mbaya. Anajua glavu za mwezi huu zimenunuliwa kwa deni, na mgonjwa aliyetibiwa jana bila kulipa ameandikwa kwenye upotevu wa kitengo chake.

Sheria ya kumtibu kwanza ni nzuri, nami naiunga mkono. Marekani waliipitisha mwaka 1986: hospitali zinazopokea fedha za bima ya wazee ya serikali, yaani karibu zote, lazima zimpime na kumtuliza mwenye dharura bila kujali uwezo wake. Lakini sheria ile haikuja na mfuko wake, na mzigo ukabaki kwa hospitali. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 na ya Kenya ya 2010 nazo zinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Maandishi yapo. Mtuambie hundi inatoka wapi, la sivyo mlango utaendelea kufungwa kimyakimya, na watakaofungiwa ni wale wasio na sauti.

MKUNGA

Dada muuguzi, hadithi yako ya spana imenichoma, kwa sababu naijua. Kwetu ilikuwa damu.

Miaka yote tulikadiria damu ya mzazi kwa macho. Unatazama shuka, unatazama sakafu, unasema "kama nusu lita hivi". Macho yanadanganya, hasa saa tisa za usiku ukiwa na wazazi watatu. Unakuja kushtuka mama ameshalegea, mikono ya baridi.

Kisha ukafanyika utafiti katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 210,000, matokeo yakatoka 2023. Chini ya mzazi panawekwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika mstari wa hatari hakuna kubishana: tumbo la uzazi linasuguliwa, dawa ya kulikaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza utokaji wa damu), dripu, kukagua inatoka wapi, na kuita msaada. Vyote kwa pamoja, si kimoja ukangoja kuona. Kutoka damu kupita kiasi, au kupasuliwa au kufa kwa sababu ya damu hiyo, vilipungua kwa asilimia 60. Na dawa zile zilikuwa zinajulikana zamani. Jipya lilikuwa mfuko wa vipimo, vifaa kukaa pamoja mahali pamoja, na watu kufanya mazoezi wakiwa timu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mlango. Lakini kaka dereva asipuuzwe, maana mama aliyejifungulia nyumbani hafiki kwenye plastiki yangu bila yeye.

MWANZISHA MADA

Nimesoma yote. Nianze kwa kurudisha neno: "gari lije la tatu" nimeliondoa. Kaka dereva, ulipoandika kwamba ndugu anagonga kioo nawe unakanyaga mafuta, niliiweka simu chini kwanza. Gari lisilo na mtu nyuma ni jambo lile lile la mtungi usio na spana, na sikupaswa kulihesabu kama kitu kingine.

Kwa aliyezuiliwa polisi: uko sahihi, na mimi sikuliwaza. Nilikuwa nafikiria mafunzo kana kwamba aliyefundishwa yuko huru. Kinga ya kisheria itangulie, au angalau iende sambamba. Na usiendelee kujihukumu kwa ile ajali ya pili.

Ndugu mhasibu, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Saa za mwanzo za mgonjwa wa dharura zilipwe na mfuko wa pamoja wa umma, hospitali idai huko, karani asiwe sehemu ya mazungumzo hayo kabisa. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la huduma za dharura kama sehemu ya afya kwa wote. Serikali ziliafiki. Kuafiki bila kutenga fedha ndiko kunakomwacha karani na mgonjwa wanatazamana.

Ninachokishikilia hakijabadilika. Kisichoguswa kila siku hakipo, hata kama kimeandikwa kwenye orodha ya mali. Baada ya usiku ule, kitengo chetu kiliifunga spana kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe. Kila zamu inapobadilishana, wawili, anayetoka na anayeingia, wanafungua toroli ya dharura pamoja. Taa ya kifaa cha kutazamia koo inawashwa, si kuulizwa kama inawaka. Mashine ya kufyonza makohozi inawekwa mkono kwenye mrija uone inavuta. Geji ya oksijeni inasomwa kwa sauti. Wanasaini, toroli inafungwa kwa lakiri yenye namba, na lakiri ikikutwa imekatwa kila mtu anajua kuna kitu kimechukuliwa. Inachukua dakika saba au nane. Wiki za mwanzo watu walinuna, na mimi nilinuna, hasa nikiwa nimesimama saa kumi na mbili mfululizo. Mwezi wa pili tulikuta betri zimekufa mara mbili kabla mgonjwa hajafika.

Mafunzo nayo yaende hivyo. Kozi ya siku nzima kila baada ya miaka miwili, yenye cheti cha kutundika, haitoshi. Ustadi wa kubonyeza kifua huanza kufifia baada ya miezi mitatu hadi sita, hata kwa sisi wenye taaluma. Bora dakika kumi kila mwezi juu ya mwanasesere sakafuni: katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka mikono ichoke na upokewe na mwenzako. Dereva awepo, mlinzi wa getini awepo, mhasibu awepo. Mlinzi kuliko wote, maana kwetu yeye ndiye wa kwanza kuona mgonjwa akishushwa.

Kinachonisumbua sasa ni ile simu isiyopokelewa, kwa sababu kwenye kitengo changu nimeitazama leo nikaona imewekwa ofisini kwa mkuu wa kitengo, ambaye saa kumi jioni anafunga mlango. Kesho naomba ihamishiwe mezani kwenye chumba cha dharura. Kaka dereva, wewe unazijua hospitali nyingi kuliko mimi: ipo hata moja ambayo ukipiga usiku inapokelewa, ukifika ukakuta kitanda kimeshatolewa nje? Kama ipo, tueleze wanafanyaje.