Mketisheni kwanza

Kikundi: Familia ya Idi

*Jumapili usiku*

Shangazi Bahati (2:41): Wanangu, nimefika salama. Idi nimemwacha kitandani anaangalia mpira, nimemfunika blanketi vizuri. Na mjue, kidole gumba cha mguu wa kulia kimecheza mbele ya macho yangu. Mara mbili! 🙏

Baba Mdogo: Si nilisema mimi?

Salim: 🎉🎉 Mjomba anatembea mwaka huu

Rehema: Salim, taratibu. Shangazi shikamoo. Kilicheza Idi alipotaka, au kilicheza tu?

Shangazi Bahati: Marahaba. Kucheza ni kucheza, mwanangu.

Rehema: Si kitu kimoja, Shangazi. Neva za chini ya jeraha lake la uti wa mgongo bado ziko hai, ila amri ya ubongo haivuki pale palipoumia. Ukivuta shuka au ukigusa unyayo, mguu unaruka wenyewe. Usiku mwingine inaruka yote miwili kama inapiga danadana.

Mama Asha (3:20): Jamani Idi hayuko sawa. Kichwa kimeanza ghafla, anasema kama nyundo. Jasho linamtiririka usoni na shingoni, miguu mikavu tena ya baridi

Baba Mdogo: Uchovu wa wageni huo. Mpe dawa ya maumivu, mlaze, miguu iwe juu.

Rehema: MSIMLAZE. Wifi, mketishe kwanza. Wima kabisa, miguu ining'inie. Legeza mkanda wa tumbo, soksi za kubana, kila kinachobana. Presha ngapi?

Mama Asha: 172 kwa 98. Mapigo 54

Rehema: Yeye kawaida ni 100 kwa 60, kwa hiyo hiyo ni kubwa mno kwake. Angalia mpira haraka

Baba Mdogo: Mpira umeisha zamani, moja bila

Rehema: Mpira wa MKOJO Baba Mdogo 😩

Salim: 💀

Rehema: Wifi, ufuate kwa mkono tangu unapoanzia mpaka kwenye mfuko

Mama Asha: Ngoja

Mama Asha: Umejikunja. Blanketi limechomekwa chini ya godoro likaubana, na paja lilikuwa limeulalia

Rehema: Unyooshe. Mfuko ukae chini kuliko kibofu

Mama Asha: Unashuka. Mwingi sana

Rehema: Usimlaze bado. Pima tena kila baada ya dakika chache. Isiposhuka, hospitali sasa hivi, na ile karatasi iliyo kwenye mfuko wa kiti chake uende nayo. Daktari wa zamu anaweza kuwa hajawahi kukutana na hali hii, asome.

Mama Asha (3:38): 128 kwa 76. Anasema kinaachia

Mama Asha (3:52): 106 kwa 64. Anauliza nani kafunga

Baba Mdogo: Huyo kapona 😂

Rehema: Sasa nisikilizeni wote, maana mnapishana pale nyumbani. Jeraha la Idi liko T4, pingili ya nne ya kifua. Kwa aliyeumia kuanzia T6 kwenda juu, kibofu kikijaa yeye hahisi, lakini mwili wa chini unapiga kelele kwa njia yake: mishipa ya damu inajibana, presha inaruka. Ubongo unatuma amri ya kutuliza, nayo haivuki. Ndiyo maana jasho juu, baridi chini. Hilo halisubiri asubuhi, linaweza kuleta kiharusi. Mara nyingi chanzo ni kibofu. Kama sicho, angalieni choo kilichokwama, halafu ngozi: kidonda, ukucha ulioingia nyamani, hata mkunjo wa suruali.

Shangazi Bahati: Blanketi nililichomeka mimi.

Shangazi Bahati: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:47)

Rehema: Shangazi usilie. Mimi wiki ya kwanza kule kwenye mazoezi nilimwekea chupa ya maji ya moto miguuni, namwonea huruma. Muuguzi aliinyakua kama nimeweka nyoka. Ngozi isiyohisi inaungua kimya kimya.

*Jumatatu asubuhi*

Idi (1:15): Habari za asubuhi. Nimesoma jumbe 63 za habari zangu, na mimi nimo humuhumu kikundini.

Salim: Mjomba 🙈

Idi: Shangazi shikamoo. Sina kinyongo, blanketi lilinipa joto kifuani. Na kidole usikitupe, ila usikitangaze. Walinipima kwa pamba na pini mwili mzima, mpaka mahali nisipoweza kupataja mbele yako. Na hapo ndipo nilipohisi, kidogo. Kwa lugha yao jeraha si kamili, ni daraja B: chini nahisi, lakini siamuru. Ni afadhali kuliko A, yaani jeraha kamili. Ahadi hawakunipa.

Shangazi Bahati: Marahaba baba. Nimesikia.

Baba Mdogo: Kwa hiyo ni lini?

Idi: Hakuna mwenye tarehe. Kinachorudi, sehemu kubwa hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na mimi niko mwezi wa tano. Siku nikikiamuru kidole kikatii, kelele zangu mtazisikia huko mliko.

Salim: Mjomba unajua Paralimpiki ilianzia hospitali? Stoke Mandeville, Uingereza, 1948. Daktari Ludwig Guttmann aliwapa upinde wagonjwa wa uti wa mgongo, washindani 16 tu. Nawe mabega unayo!

Idi: Nimeipenda hiyo. Ngoja kwanza nivae suruali.

Idi: Sitanii. Misuli ya tumbo hainishiki, nikiketi nikaachia mikono yote naanguka kama gunia. Kwa hiyo navaa nimelala. Nabingirika kushoto, navuta upande wa kulia. Nabingirika kulia, navuta wa kushoto. Vidole viwili mbele, kimoja nyuma. Mguu ukiruka, naanza upya. Mama Asha ananivalisha kwa dakika 3, kwa mapenzi kabisa, na hapo ndipo penye shida.

Mama Asha: Mimi nilidhani nakupunguzia kazi

Idi: Kazi ndiyo naitaka. Wewe niangalizie ngozi asubuhi na usiku. Makalioni na visiginoni kioo kinanisumbua, na wekundu mdogo leo ni kidonda wiki ijayo. Suruali niachie.

Baba Mdogo: Jumamosi nakuja. Nikuinue kutoka kitandani?

Idi: Karibu, ila usinivute mikono. Mabega yakiharibika nimekwisha, ndiyo miguu yangu hayo. Kuna ubao wa kuhamia kitini. Kazi yako ni kushika kiti kisisogee, na kuniacha nitukane.

Baba Mdogo: Hiyo naiweza.

*Jumanne asubuhi*

Idi (2:06): 📷 Picha

Idi: Dakika 41. Sijasaidiwa.

Shangazi Bahati: 😭😭😭

Rehema: Kaka, umeivaa ndani nje.

Idi: Najua. Mishono iko nje, ngozi inashukuru. Siivui.