Wanafunzi wanaandika "Chanzo: Google": nianzie wapi kuwafundisha kutafuta na kutaja vyanzo?

Mwalimu wa Historia, Ruvuma

Ndugu walimu na wadau wa elimu, salaam. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni. Muhula huu niliwapa wanafunzi insha kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na nikawataka waonyeshe walikozipata habari zao. Insha moja inasema waliokufa ni 75,000, ya jirani yake inasema 300,000, na zote mbili zimeandikwa mwishoni "Chanzo: Google". Wengine wamenakili madesa, yaani maelezo ya somo yaliyoachwa na waliowatangulia, neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya tahajia, bila kumtaja mtu yeyote. Sioni kwamba wana nia ya kudanganya, ila hawajaona kwa nini jambo hili lina uzito. Mwongozo wa kuandika marejeo nimewagawia, wameukariri, na hali ni ile ile. Simu haziruhusiwi bwenini, na intaneti inapatikana kwenye kompyuta chache tu za shule. Naomba ushauri wenu.

Mhadhiri, chuo cha ualimu

Mwalimu mwenzangu, hizo idadi mbili zinazokusumbua ndizo somo lenyewe, kwa hiyo usizisahihishe kwa kalamu nyekundu bali zipeleke darasani kama zilivyo. 75,000 yanatokana na makadirio ya serikali ya kikoloni ya Wajerumani, na 300,000 ni kikomo cha juu cha makadirio ya mwanahistoria G.C.K. Gwassa, ambaye alikadiria kati ya watu 250,000 na 300,000. Waeleze kwamba wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na akiba za chakula. Kisha waulize: ni nani aliyekadiria, aliandika kwa ajili ya nani, na angenufaika vipi kama idadi ingekuwa ndogo? Mwanafunzi akishajibu maswali hayo mwenyewe, hutahitaji kumlazimisha aandike jina la mwenye makadirio, kwa sababu ataona kwamba idadi isiyo na mwenyewe haimwambii msomaji chochote.

Ndiyo maana sikubaliani na utaratibu wa kuanza na mwongozo wa marejeo. Mabano, nukta na herufi za mlazo ni mambo ya kufundishwa mwishoni, na yanajifunzwa kwa haraka.

Kuhusu kunakili, wape aya moja fupi waisome, waifunike, waandike walichokielewa kwa maneno yao, kisha waifunue na kulinganisha. Wengi watagundua kwamba wamebadilisha maneno machache tu na kuacha mpangilio wa sentensi kama ulivyokuwa. Waambie wazi kwamba huko bado ni kunakili, na kwamba hata aliyeandika upya kabisa kwa maneno yake ana wajibu wa kumtaja mwenye wazo.

Mkutubi mstaafu, Morogoro

Wanangu, nimewahudumia wanafunzi maktabani kwa miaka mingi, na naomba niongeze upande wa kutafuta. Google inakuelekeza tu palipo na habari, haikuandika habari hiyo, na mwanafunzi anapaswa kulielewa hilo kabla ya jambo lingine lolote. Mzoeshe kuifuata habari hadi ilikoanzia. Chukua mfano mwepesi wa idadi ya watu wa Tanzania. Blogu itaandika "zaidi ya milioni 61", gazeti lililonakiliwa na blogu litaandika 61,741,120, na gazeti nalo limeipata kwenye matokeo ya Sensa ya 2022 yaliyotolewa na serikali kupitia Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hapo mwisho ndipo pa kutajwa, mradi mwanafunzi amefika huko na kusoma kwa macho yake. Kama ameishia kwenye gazeti, alitaje gazeti. Kumtaja mtu ambaye hukumsoma ni udanganyifu, hata kama habari yenyewe ni sahihi. Andika "kama alivyonukuliwa na" fulani, na msomaji ataelewa.

Wikipedia msiipige marufuku. Wafundishe kuteremka hadi chini ya makala, kwenye orodha ya marejeo, na kuanzia hapo. Na wanapokutana na tovuti wasiyoijua, wasipoteze muda kuusoma ukurasa wake wa "Kuhusu sisi", kwa maana kila mtu hujisifu kwake. Watoke wakatafute wengine wanasema nini juu yake. Kwa majarida ya kitaaluma ya Afrika, tovuti ya African Journals Online ina makala nyingi zinazopakuliwa bure. Mwalimu anaweza kupakua chache kwenye kompyuta ya shule, akazichapisha na kuzifanyia kazi darasani bila mtandao.

Mwalimu wa sekondari, Mombasa

Nawasalimu nyote. Huku kwetu tatizo jipya ni marejeo yaliyotungwa na programu za akili unde. Mwanafunzi analeta orodha iliyopangwa vizuri, yenye waandishi, miaka na kurasa, na nusu ya vitabu hivyo havijawahi kuchapishwa mahali popote. Si vijana peke yao: mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mimi huchagua rejeo moja katika kila kazi na kumwomba mwanafunzi anionyeshe ukurasa alioutumia. Makala ikiwa na namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala hiyo mtandaoni, tunaiandika kwenye doi.org na kuona kama inatufikisha kwenye makala yenyewe. Asiyeweza kunionyesha simwadhibu mara ya kwanza, lakini rejeo hilo linafutwa pamoja na hoja iliyolitegemea, na insha inasomwa upya mbele yake bila hoja hiyo.

Mwalimu wa Historia, Ruvuma

Shikamoo Mama Mkutubi, na ninawashukuru wote. Nitaanza na zile idadi mbili. Nina swali moja zaidi: baadhi ya wanafunzi wangu wana mababu wanaosimulia habari za vita walizozipokea kwa wazee wao. Je, simulizi kama hizo zinaruhusiwa kuwa chanzo, na zinatajwaje?

Mhadhiri, chuo cha ualimu

Zinaruhusiwa kabisa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya simulizi za Majimaji kwa wazee, na kazi yao bado inategemewa na watafiti. Mwanafunzi aandike jina la msimulizi, kijiji, tarehe ya mazungumzo, na alimsikia nani akisimulia, maana mjukuu wa aliyepigana hasimulii kwa namna moja na aliyeshuhudia. Katika APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo, mazungumzo ya namna hiyo hutajwa ndani ya matini tu kama mawasiliano binafsi, lakini tasnifu nyingi za historia huwa na orodha ya pekee ya wasimulizi, nami ningependa wako waifuate hiyo. Kabla ya yote, wamwombe mzee ruhusa ya kuandika jina lake. Akikataa, waandike "mzee wa ukoo fulani" na kijiji chake, na kama hata kijiji hataki kitajwe, waandike wilaya.