Taka zisiende dampo: tabianchi inanufaika kweli, au tunahamisha moshi tu?

Mpima Ndoo (mleta uzi)

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kwa mwenye uelewa wa mambo ya taka na tabianchi, maana nimekwama.

Nasimamia usafi kwenye taasisi yenye jiko linalolisha mamia ya watu kila siku. Uongozi umeniagiza niandae mpango wa kuacha kabisa kupeleka taka dampo, na sababu waliyonipa ni kupunguza gesijoto. Mapendekezo mezani ni mawili. La kwanza, taka zote zipelekwe zikiwa zimechanganyika kwenye mtambo unaochoma taka na kuzalisha umeme. La pili, tutenganishe, chakula kiende kwa watengeneza mboji. Hao wa mboji wako kilomita 60 kutoka hapa, dampo liko kilomita 15.

Wiki mbili nimesimama nyuma ya jiko na mizani, nimepima ndoo moja moja. Kwa wiki tunatoa tani 3 hivi. Tani 2 ni chakula: maganda, majani ya mboga, vilivyopikwa vikabaki. Plastiki, nyingi ikiwa mifuko, ni kama kilo 300. Zinazobaki ni maboksi, makopo na chupa.

Je, lori la kilomita 60 halitatoa moshi mwingi kuliko ambao taka zenyewe zingetoa zikifukiwa? Na huo mtambo ni safi kama makaratasi yao yanavyosema? Sitaki kuwapelekea mabosi kitu kinachopendeza kwenye ripoti huku angani hakijabadilisha chochote.

Hesabu Kwanza

Mkuu, hongera kwa kupima. Ukiwa na namba, mjadala unakuwa mfupi.

Tuanze na lori, maana ndilo linalokutisha. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Tuseme lori linakula lita 20 kwa kilomita 100. Kwenda na kurudi kwa watu wa mboji ni kilomita 120, lita 24, kilo 65. Dampo nako ungeenda, lita 6, kilo 16. Kwa hiyo kilichoongezeka ni kama kilo 50 kwa safari.

Sasa chakula. Kikifukiwa kinaoza pasipo oksijeni, na vijidudu vinavyokiozesha vinatoa metani. Ukitumia viwango vya msingi ambavyo IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, imeviweka kwa ajili ya hesabu za nchi, tani moja ya chakula kwenye dampo lenye kina, lililoshindiliwa na lisilovuna gesi, inazaa karibu kilo 50 za metani. Metani inapasha joto kama mara 28 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, na zaidi ya mara 80 kwa kipimo cha miaka 20, kwa sababu haikai sana angani ila ikiwepo inachoma. Kilo 50 mara 28 ni sawa na kilo 1,400 za hewa ukaa. Wewe una tani 2, kwa hiyo kilo 2,800 kila wiki. Ziweke pembeni ya kilo 50 za lori.

Chini ya Kifusi

Namuunga mkono Hesabu Kwanza, ila kuna swali ameliruka. Mkuu, hilo dampo lako likoje?

Kama ni lundo la wazi lisilofika mita 5 na halishindiliwi, hewa inapita ndani, taka nyingi zinaoza kwa oksijeni. IPCC wanalihesabia asilimia 40 tu ya metani ya dampo la kisasa. Kilo 2,800 zinashuka hadi 1,120. Hapa ndipo wengi hushangaa: dampo likiboreshwa, likashindiliwa na kufunikwa, metani inaongezeka. Faida yake ni kwamba hilo ndilo unaloweza kulitandikia mabomba ya kuvuna gesi. (Sisemi lundo la wazi ni zuri. Likishika moto, moshi wake unaua watu, na mimi nimeishi jirani na mojawapo.)

Wakikwambia "dampo letu lina mabomba, chakula kilete tu", usikubali haraka. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa ripoti mwaka 2023: kwenye madampo yao, ambayo mengi yana mitambo hiyo, asilimia 61 ya metani inayotokana na chakula haikamatwi. Sababu ni mwendo wa kuoza. Penye joto na unyevu, nusu ya chakula inaweza kumalizika kuoza kabla ya miaka miwili, na mara nyingi mabomba yanatandazwa baada ya muda huo. Gesi ya chakula inakuwa imeshaondoka.

Fundi Mitambo

Nimefanya kazi kwenye mtambo wa kuchoma taka, naongea nilichokiona.

Chakula ni maji kwa sehemu kubwa, mara nyingi robo tatu ya uzito. Ukikitia kwenye tanuri, moto unaanza kwa kukausha maji hayo. Siku mizigo ya sokoni ilipoingia tuliona joto la tanuri linashuka kwenye skrini, tukalazimika kuongeza taka kavu. Kwa hiyo tani zako 2 za chakula hazizalishi umeme wa maana. Kinachozalisha ni plastiki.

Na plastiki ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa. Tani moja ya mifuko ya polithini ikiungua inatoa tani 3 na kidogo za hewa ukaa. Kwa kilo zako 300 ni zaidi ya kilo 900 kila wiki. Mifuko hiyohiyo ikifukiwa vizuri haiozi, kaboni yake inabaki chini. Umeme utakaopatikana unafidia sehemu ya hizo kilo 900 pale tu unapochukua nafasi ya umeme wa makaa au mafuta. Kama gridi yenu inaendeshwa na maporomoko ya maji, umeongeza tu.

Plastiki iliyotupwa mitoni ni janga, naijua. Lakini umeuliza kuhusu gesijoto, na kwa gesijoto kufukia mfuko kunashinda kuuchoma. Makopo ya alumini usiyachome wala kuyafukia: kuyayeyusha upya kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya.

Koleo

Mimi ni wa mboji, na ombi langu ni uende ukawaone kabla hujasaini.

Mboji ikifanywa vibaya inatoa metani yake, na juu yake nitrasi oksaidi, ambayo kilo moja ni kama kilo 270 za hewa ukaa. Waombe koleo, uchimbe lundo hadi katikati. Ukiona mvuke unapanda na harufu ni ya udongo baada ya mvua, wanajua kazi. Ukikuta tope jeusi linaloteleza na linanuka mayai viza, ndani hakuna hewa, na wewe utakuwa umehamisha dampo kwa kilomita 60. Chukua konzi, ikamue: yatoke matone machache tu, kama kitambaa kilichokamuliwa.

Waulize pia wanachanganya na nini. Chakula peke yake kina nitrojeni nyingi, kinahitaji majani makavu au vumbi la mbao, hadi kaboni ifike sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni moja. Maboksi yako yaliyolowa mafuta, ambayo wanunuzi wa karatasi wanayakataa, yakichanwachanwa yanafaa hapo.

Halafu chakula hakikai wiki nzima kwenye pipa. Panga safari tatu.

Hesabu Kwanza

Koleo yuko sahihi, safari tatu ni kilo 150. Hata kwa lundo la wazi, bado iko mbali na 1,120.

Mwiko Mrefu

Jamani, mbona hakuna aliyegusa sufuria? Kabla chakula hakijawa taka kimelimwa, kimewekewa mbolea, kimesafirishwa, kimepikwa. Moshi wa safari hiyo hakuna mboji inayoufuta. Kwa makadirio ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Mpima Ndoo, katika tani zako 2, maganda ni ngapi na vilivyopikwa ni ngapi?

Mpima Ndoo (mleta uzi)

Wakuu, asanteni sana. Nimekwenda dampo jana: lina kina kirefu, mashine inashindilia, bomba hakuna hata moja. Kwa hiyo ni zile kilo 2,800. Pendekezo la mtambo nitalikataa kwa maandishi na nitaweka hesabu ya plastiki. Kichwa cha mpango nitakibadilisha pia, kutoka "hakuna taka dampo" kuwa "hakuna chakula dampo", maana mifuko itaendelea kwenda huko hadi tupate pa kuirejeleza. Ijumaa natembelea watu wa mboji.

Mwiko Mrefu, swali lako sina jibu, nilipima vyote pamoja. Jumatatu naweka ndoo mbili, ya maganda na ya vilivyopikwa.

Koleo

Zipime zikiwa tupu kwanza, uzito uuandike ubavuni kwa rangi. Na watenganishe wapishi wenyewe wakiwa wanamenya, usisubiri hadi jioni.