Kikundi: Nyumba ya Mama, Koboko

Zaituni, Kampala 06:12
Asalaam aleikum nyote. Alhamisi Mama ana kliniki ya sukari Arua. Kutoka nyumbani mpaka kwenye lami anabebwa na pikipiki ya marehemu Baba, na Swaleh anasema imekataa kwenda. Boda za watu hapandi, mnajua wenyewe tangu ile siku ya Oraba. Leo nataka tujue ina nini na nani anatoa nini.

Zaituni, Kampala 06:13
Swaleh eleza vizuri, usiandike "imeharibika" tu.

Swaleh 07:02
Habari ya asubuhi Shangazi. Inawaka kiki moja. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri. Ukivuta mafuta inakohoa, inasogea mpaka kwenye mwembe inazima. Ukingoja kidogo inawaka tena.

Mwajuma 07:05
Mzee gani anapenda kukimbizwa asubuhi 😂

Zaituni, Kampala 07:06
Mwajuma, si leo.

Zaituni, Kampala 08:20
Watu kumi na wanne mmesoma. Waliojibu ni wawili.

Ramadhani, Jinja 08:47
Niko gereji, naandika haraka. Hiyo si CG 125? Karbureta yake haina mambo mengi. Swaleh, washa, funga choki nusu ibane hewa, halafu vuta. Ikienda vizuri na choki, ujue inakosa petroli au inakula hewa nyingi. Isipobadilika tutaangalia umeme: koili, kofia ya plagi.

Swaleh 09:30
Baba Mdogo, na choki nusu inaenda! Nimefika msikitini taratibu nikarudi.

Ramadhani, Jinja 09:33
Toa plagi, piga picha.

Swaleh 09:41
📷 Picha

Ramadhani, Jinja 09:44
Ile kauri imekuwa nyeupe kabisa. Inatakiwa iwe kahawia. Ingekuwa inalewa petroli ungekuta masizi meusi. Hii ina njaa. Sponji ya chujio la hewa ipo?

Swaleh 09:46
Fundi wa steji aliitoa. Alisema ipumue.

Ramadhani, Jinja 09:47
Irudishe leo. Bila sponji hewa inazidi, petroli inazidi kuwa chache, na vumbi lote la Koboko linaingia kwenye pistoni.

Hamisi, Arua 09:58
Mimi nilisema zamani, iuzwe tununue Boxer hata ya mkono wa pili. Karbureta mpya tu hapa Arua wananitajia elfu themanini.

Zaituni, Kampala 09:59
Karbureta mpya? Hamisi, ile iliyokuja na pikipiki iko wapi?

Mwajuma 10:00
Eh. Tumeshafika Yei.

Hamisi, Arua 10:03
Nilijua. Hata mtu akiumwa jino nyumba hii, mwisho wake ni Yei. Ilinifia kwenye njia ya Yei, kule Sudan Kusini, fundi akanifungia karbureta nyingine ili nirudi. Mlitaka nilale porini?

Zaituni, Kampala 10:04
Baba aliinunua kwa pesa ya tumbaku. Uliondoka nayo nzima, Hamisi. Nzima.

Hamisi, Arua 10:06
Na sukari niliyokuwa naleta kutoka safari hizo mlikuwa mnaitia wapi?

Mwajuma 10:07
Labda ndiyo tunayoipeleka kliniki 😂😂

Zaituni, Kampala 10:07
Mwajuma!!

Ramadhani, Jinja 10:30
Jamani, karbureta haina kosa mpaka tuipime. Swaleh, chini ya bakuli lake kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Weka chupa, fungua koki ya tanki, legeza hiyo skrubu, uangalie petroli inavyotoka kwa dakika moja nzima. Iwe mbali na jiko la Bibi, na asisogee mtu na sigara.

Swaleh 11:40
Ilianza vizuri, ikawa nyembamba kama uzi, sasa ni matone.

Ramadhani, Jinja 11:42
Fungua mfuniko wa tanki. Una tundu la kupitisha hewa, likiziba petroli haishuki.

Swaleh 11:49
Nimefungua. Bado matone.

Ramadhani, Jinja 11:52
Basi mfuniko ni mzima, shida iko kwenye koki. Ikisimama inakunywa kidogo, matone yanatosha. Ukivuta, bakuli linakauka, inazima. Ukingoja linajaa tena, inawaka. Mwaga petroli yote, ifungue hiyo koki, juu yake ndani ya tanki kuna chujio.

Swaleh 12:55
📷 Picha
Kutu tupu Baba Mdogo. Chujio limejaa kama majani ya chai.

Zaituni, Kampala 12:57
Hilo beseni ni la nani?

Swaleh 12:58
La Bibi.

Mwajuma 12:58
Lile la kuoshea mchele??? 😂😂😂

Aisha 12:59
Lile la harusi yangu 🙆🏾‍♀️

Kassim 13:00
Ijumaa tunakula pilau ya petroli 😂

Zaituni, Kampala 13:01
Kumbe mnajua kuandika.

Baba Mkubwa 13:20
Waaleikum salaam. Nimesoma yote. Pikipiki ya ndugu yangu haiuzwi. Ndiyo iliyompeleka hospitali mara ya mwisho. Habari ya Yei tuliimaliza mimi na marehemu akiwa hai, na Hamisi alilipa alichoambiwa alipe. Atakayeitaja tena aje aniambie mimi, nyumbani kwangu. Na beseni la shemeji yangu linunuliwe jipya.

Zaituni, Kampala 14:05
Tumesikia Baba Mkubwa.

Hamisi, Arua 14:06
Asante Baba Mkubwa.

Hamisi, Arua 14:31
Beseni nitaleta mimi.

Ramadhani, Jinja 15:10
Swaleh, petroli hiyo usiirudishe. Weka kidogo safi kwenye tanki pamoja na kokoto, tikisa, mwaga, mpaka itoke bila kutu. Zihesabu kokoto zikiingia na zikitoka. Kesho ununue chujio dogo la plastiki, ulifunge katikati ya mpira wa petroli. Tanki likishaota kutu halikomi.

Swaleh 17:48
Nimeosha, sponji nimerudisha. INAVUTA! Ila kwenye mlima wa shule, gia ya juu, nikivuta mpaka mwisho bado inakohoa.

Ramadhani, Jinja 17:55
Hiyo ni jeti kubwa. Ukivuta yote ndiyo inayopitisha petroli, na kutu imeshafika pale. Fungua bakuli, itoe, puliza kwa pampu ya matairi. Usiichokonoe na waya, tundu likipanuka haitakaa sawa tena. Na ukimaliza choki uifungue, nakujua.

Swaleh 18:20
Skrubu moja ya bakuli imeliwa kichwa, bisibisi inateleza. Na giza linaingia.

Zaituni, Kampala 18:24
Kwa hiyo haijapona. Leo ni Jumatatu. Hamisi, wewe uko karibu na una vifaa, nenda Jumatano ukaitoe hiyo skrubu. Pesa ya chujio na petroli natuma mimi kwa simu ya Swaleh. Gari la Arua anachangia nani? Ramadhani ameshatoa elfu kumi.

Hamisi, Arua 19:02
Jumatano nina mzigo unashuka. Inshallah.

Zaituni, Kampala 19:03
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mwajuma 19:03
Tumeuona Dada 😂

Zaituni, Kampala 19:10
Inshallah ya kuja au ya kutokuja?

Hamisi, Arua 19:41
Nikikosa mimi namtuma kijana wa duka.

Ramadhani, Jinja 19:44
Kijana asiipige nyundo tu. Ile ni aluminiamu, itapasuka.

Amina 21:52
Poleni, simu haikuwa na chaji. Kliniki si imesogezwa Ijumaa? Mama aliniambia jana.

Zaituni, Kampala 21:53
Imesogezwa na nani?? Amina pokea simu.

Zaituni, Kampala 21:58
Amina pokea.