Herufi Nne za Ami

Binti: Assalamu alaikum jamaa zangu. Nawashukuru nyote mliojaza lile dodoso la haiba nililolileta hapa kwenye kundi letu la ukoo jana usiku. Ami ametokea na herufi nne, ISTJ, yaani mtu mtulivu, mwenye utaratibu na anayetimiza ahadi zake.

Ami: Waalaikumu salaam, mwanangu. Maelezo yale nimeyasoma mara tatu, kwa kuwa sijapata kuona mtu asiyenijua akinieleza vizuri namna ile.

Shangazi: Kaka, kwa kuwa nakupenda nitasema. Mwezi uliopita tulikungoja gatini mpaka mashua ya Mokowe ikang'oa, basi la Mombasa likatuacha na nauli ya watu wanne ikapotea, nawe ulikuwa ungali barazani Mkomani ukimalizia hadithi. Tulicheka sote siku ile, na wewe ulicheka kutushinda, lakini kuitwa mtimiza ahadi siwezi kukunyamazia.

Mwalimu: Shangazi ana haki. Herufi hizo zilitungwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, ambao hawakuwa wamesomea saikolojia chuoni. Walichukua mawazo aliyoyaandika Carl Jung mwaka 1921, wakayagawa katika aina 16 za watu. Na kuhusu maelezo kumfaa mtu, mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo ya tabia yake. Wastani wa alama walizoyapa ulizidi 4 kati ya 5. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, ambayo Forer aliyaokota katika kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani! Yalisema, kwa mfano, kwamba mtu huyu kwa nje anaonekana imara ilhali ndani ana wasiwasi. Nani kati yetu atakataa hilo?

Binti: Basi nami nilifurahia bure kuambiwa kwamba nina huruma kuliko watu wengi. Nyanya hajasikia sauti yangu kwa wiki mbili, na dodoso halikuniuliza habari zake.

Ami: Nimejaza tena baada ya Alasiri. Kila palipoulizwa kama napanga mambo mapema, nilijibu vile ambavyo Shangazi yenu angejibu kwa niaba yangu, na herufi ya mwisho imegeuka kutoka J, ya mtu apangaye mambo, kuwa P, ya mtu aendaye bila mpango.

Mwalimu: Inageuka kwa urahisi, Ami, kwa sababu kwa kila herufi jaribio hilo linachora mstari katikati na kugawa watu pande mbili, na wengi wetu tuko karibu na mstari huo, hivyo jibu moja au mawili yanamvusha mtu upande wa pili. Watafiti wa leo hupendelea kupima sifa tano kwa viwango, kama tunavyopima joto, bila kumtia mtu ndani ya kisanduku. Hata hivyo, mara nyingi anayejibu ni mtu mwenyewe, na ni vigumu mtu kuona akiwa ndani ya hadithi yake kwamba mashua imeondoka.

Ami: Nimekubali, na nauli ile nitairudisha. Ila nawe, dada yangu, umenitaja mbele ya ukoo mzima, wakiwemo wakwe zangu, na hiyo ndiyo tabia yako tangu utotoni: ukweli wako hausubiri faragha.

Shangazi: Ni kweli, kaka. Ilinipasa nikupigie simu. Mama alinionya mara nyingi kuhusu jambo hilo, na leo nimelirudia bila kujitambua. Naomba radhi kwako na kwa wakwe.

Ami: Sina kinyongo. Jumamosi tunakwenda tena Mombasa, na mashua ni saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu, nigongee mlango saa kumi na moja, na usiondoke kwa kusikia sauti yangu tu; ngoja mpaka nitoke nje nimevaa viatu.