Tupeane uzoefu: picha zako zilishuka au kupanda ghafla mtandaoni bila wewe kubadilisha kitu?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za muda huu. Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Nina kazi yangu nyingine, picha ni ugonjwa wa wikiendi. Mwaka wa sita huu napiga wadudu kwa lenzi ya makro, ile ya kukuza vitu vidogo kwa karibu, hasa kerengende. Wenye ugonjwa huu watanielewa: unafika bwawani kabla jua halijachomoza, wakati mdudu bado amezubaa kwa baridi na mabawa yamejaa umande. Unalala kifudifudi kwenye tope, unapiga fremu 15 ukisogeza fokasi kidogo kidogo, halafu jioni unaziunganisha ziwe picha moja iliyo kali kuanzia jichoni hadi mkiani.

Kwa muda mrefu nilikuwa napata laiki 180, 200, siku njema 250. Kisha nikaweka picha ambayo kwangu ndiyo bora niliyowahi kupiga. Ndani ya kila tone la umande unaona nyasi zimesimama kichwa chini, miguu juu. Laiki 11. Kumi na moja, na mbili kati ya hizo ni za mke wangu, maana ana akaunti mbili.

Siku nne baadaye nikaweka picha ya kiti cha plastiki kilichozama nusu majini. Niliipiga kwa simu, mkono mmoja, nikimsubiri kerengende akauke. Watazamaji 38,000.

Saa ya kuposti ni ileile, maelezo ni ya mtindo uleule, sijagombana na mtu. Nani yamewahi kumkuta? Mlifanya nini, na mwisho mligundua nini? Wauza wafuasi na wale wa "nikukuzie akaunti" naomba mpite kimya kimya.

Bibi Filamu

Mwanangu, karibu kwenye chama. Mimi nimeanza kuweka picha mtandaoni Flickr, ule mtandao wa kushea picha, ikiwa bado changa, ilizaliwa 2004. Pale kuna ukurasa wa Explore, picha 500 kwa siku, zinachaguliwa na mashine kwa kuangalia nani amebofya, ametokea wapi, nani ametoa maoni na lini. Asubuhi moja picha yangu ya ngazi za mbao ikaingia. Nilikuwa nimezoea watu 40, nikakuta maelfu. Nikampigia dada yangu simu, nikamwambia fungua haraka uone. Alipofungua, picha haikuwepo tena kwenye Explore. Ile orodha hupangwa upya siku nzima, na picha iliyoingia saa mbili yaweza kutoka saa nne. Dada yangu mpaka leo anadhani nilimdanganya.

Kwa hiyo mshangao huu haukuletwa na hizi programu za simu, ila zimeuzidisha. Instagram ilianza Oktoba 2010 ikiwapanga watu kwa saa: aliyeposti sasa hivi yuko juu. Machi 2016 wakatangaza kwamba mtu wa kawaida anakosa wastani wa asilimia 70 ya vitu kwenye fidi yake, yaani ule mfululizo wa posti anaoukuta akifungua programu, kwa hiyo mashine itamchagulia. Juni 2021 mkuu wao, Adam Mosseri, akasema waziwazi kwamba wao si programu ya kushea picha tena. Watu wakapiga kelele mwaka uliofuata, na Januari 2023 akakiri kwamba 2022 walielemea video kupita kiasi. Sasa wewe uliyelala kwenye tope, mwelekeo wote huo umebadilika juu ya kichwa chako na hakuna aliyekugonga begani kukuambia.

Mdiria

Nitakiri dhambi yangu hapa kwa sababu hakuna anayenijua. Mimi ni mtu wa ndege. Miaka mitatu iliyopita niliingizwa kwenye kundi la "nipe nikupe". Tulikuwa kama watu 30. Ukiposti unatupa linki kundini, wote wanakuja kukupa laiki na komenti ndani ya nusu saa, na wewe unawalipa hivyohivyo. Namba zilipanda, nisikudanganye. Nilitembea kifua mbele.

Tatizo, waliokuwa kundini hawakuwa watu wa ndege. Mmoja alikuwa wa kucha, mwingine wa magari, watatu wanauza miwani. Komenti zenyewe: "Kazi safi!", "Kazi safi sana!", "Moto!" chini ya picha ya mdiria anayemmeza samaki. Nilipochoka nikajitoa. Wiki ileile nikaporomoka kutoka 300 hadi 20, na nilikaa hapo miezi minane. Nadhani mashine ilikuwa imejifunza kwamba picha zangu zinapendwa na wauza miwani, ikawa inawapelekea wauza miwani wengine, nao wanapita tu. Sina ushahidi, ni dhana yangu. Ila nilipoanza kutoa maoni ya kweli kwa watu wa ndege, maoni ya "huyu ni dume au jike?", taratibu walianza kunirudia. Leo napata 90 na zote nazijua kwa sauti.

Chumba cha Giza

@Mdiria wauza miwani wameniua mbavu.

Rangi Saba

Mimi mchawi nilikuwa mwenyewe, na nilimtafuta miezi mitatu.

Nilibadilisha kompyuta. Picha za machweo, zilezile nilizozoea kupiga. Laiki zikashuka nusu, kisha robo. Nikasoma kila kitu kuhusu kufichwa kimyakimya. Nikaacha kutumia heshitegi, nikarudisha heshitegi, nikalala siku tatu bila kuposti kwa sababu mtu aliandika akaunti inahitaji "kupumzika". Yote hayo nikiangalia picha zangu kwenye skrini kubwa ya mezani, ambapo zilikuwa zinawaka.

Siku moja mpwa wangu akaniuliza, "Shangazi, siku hizi unapenda picha zilizopauka?" Akanipa simu yake. Jua langu la chungwa lilikuwa rangi ya chai iliyoachwa. Kumbe programu mpya ya kuhariri ilikuwa inatoa mafaili kwa mfumo wa rangi wa ProPhoto badala ya sRGB, ule wa kawaida wa simu na mtandao. ProPhoto ina uwanja mpana wa rangi, lakini profaili yake, yaani maelezo ndani ya faili ya namna ya kuzisoma rangi, ikipotea njiani, simu inazisoma zile namba kama ni sRGB na kila kitu kinafifia. Kuna kisanduku kimoja tu cha kuchagua wakati wa kutoa faili. Kimoja!

Nikiweka picha sasa, kwanza najitumia kwenye simu kuukuu ya mama. Ikipendeza pale, inapendeza popote.

(Laiki zilirudi? Kiasi. Si zote. Nadhani wengine walishazoea kunipita.)

Kufuli

Yangu ni ya kupanda, na inatisha kidogo. Picha ya kufuli lenye kutu, niliweka miaka minne iliyopita, ikapata watu 60 ikalala. Usiku mmoja ikaanza: 400, 2,000, kufika asubuhi 9,000. Laiki mpya mbili. Komenti sifuri. Nilifurahi kama dakika kumi hivi, halafu nikajiuliza, watu 9,000 gani hawa wasiosema hata neno?

Nikafanya utafutaji wa picha kwa kuigeuza, yaani unaipa mashine picha badala ya maneno. Nikaikuta kwenye makala ya mtu kuhusu nywila na usalama wa akaunti. Aliipachika moja kwa moja kutoka ukurasa wangu, hivyo kila anayefungua makala yake anahesabiwa kwangu. Jina langu halipo popote. Nilimwandikia kwa upole, akaweka jina na kuomba radhi. Makala ilipopoa na namba zikapoa.

Kwa hiyo mkuu mwanzisha mada, kile kiti chako kipige utafutaji wa namna hiyo. Huenda kinafanya kazi mahali usipopajua.

Daftari

Nina ubishi kidogo. Wengi humu tunatafuta sababu ya kitu ambacho ni bahati tu. Nimeandika kwenye daftari mwaka mzima: siku, saa, aina ya picha, laiki baada ya saa 24. Nilitarajia nigundue siri. Jumapili dhidi ya Jumatano, hakuna kitu. Asubuhi dhidi ya usiku, tofauti ndogo isiyoeleweka.

Halafu nikafanya jaribio moja. Picha ya ukungu juu ya reli, ilipata laiki 31. Miezi mitano baadaye nikaiweka tena, faili lilelile, maneno yaleyale, hata nukta sikuongeza. Laiki 412. Nieleze wewe nilijifunza nini kuhusu upigaji picha siku hiyo.

Ushauri wangu ni huu. Chukua posti zako 30 za mwisho, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, tazama iliyo katikati. Hiyo ndiyo hali yako. Wastani unadanganya, kiti kimoja cha plastiki kinauvuta juu.

Makro Mchana

Na angalieni pia wanachohesabu. Tangu 2024 Instagram imefanya "mara zilizotazamwa" kuwa kipimo chake kikuu. Mtu mmoja akiirudia mara tatu ni tatu. Ukilinganisha hiyo na idadi ya watu uliyokuwa unaiona zamani, unalinganisha mayai na kuku.

Udongo

Mimi nafinyanga na napiga picha ninavyovifinyanga. Nilikuwa na sanamu ya mwanamke asiye na kichwa wala mikono, wala huwezi kujua amevaa au hajavaa, ni udongo! Baada ya hapo kila posti, hata ya bakuli, ilikuwa inaonekana kwa wafuasi wangu tu. Watu wapya sifuri kabisa, si kumi, si watatu.

Hakuna ujumbe uliokuja. Nilikuja kuona kwa bahati nikichimba kwenye mipangilio, sehemu ya hali ya akaunti, imeandikwa kwamba maudhui yangu hayapendekezwi kwa wasionifuata, na sanamu yangu iko pale kama ushahidi. Nikakata rufaa kwa sentensi mbili. Siku ya tatu ikafutwa ile alama. Watu wapya wakarudi ila si kwa kiasi cha mwanzo, na hilo mpaka leo sijalipatia jibu. Wanaolalamika wamefichwa, waanzie hapo kwenye hali ya akaunti kabla ya kwenda kwa waganga wa algorithimu.

Ngazi Mia

Fupi tu. Nilishuka kutoka karibu 100 hadi 30 na sikurudi. Nilikuja kugundua kulikuwa na bwana mmoja ambaye kila picha yangu alikuwa akiishea kwenye kundi lake la wazee wapenda majengo. Hakuwahi kunisemesha. Alifunga akaunti. Mtu mmoja tu alikuwa akibeba theluthi mbili ya watazamaji wangu, na hata sikuwahi kumwambia asante.

Bibi Filamu

@Ngazi Mia hiyo imenigusa.

Mwanzisha mada

Nimerudi. Nimefanya kazi ya nyumbani yote.

Hali ya akaunti: safi. Rangi: sRGB, na nimepima kwenye simu ya mama mkwe. Kiti: sijakikuta popote. Watu wamekipenda tu, basi.

Zoezi la Daftari ndilo lililonivua nguo. Nilipopanga posti 30, ya katikati ni 74. Nikarudi nyuma zaidi na kukuta zile 200 nilizokuwa nazililia zilidumu kama miezi minne hivi, na zilianza wiki moja baada ya ukurasa mkubwa wa wapenda wadudu kuirusha picha yangu kwa wafuasi wao. Kabla ya hapo nilikuwa 60, 70, 80. Nilikuwa nimeshasahau. Nilipewa lifti, nikaamini gari ni langu. Ila ile 11 bado siielewi, hata kwa kipimo cha 74 ni aibu.

Leo alfajiri nilikuwa bwawani tena. Nimeweka picha mchana, saa mbili zimepita. Laiki 6, na komenti moja ya mtu nisiyemjua anauliza kama mdudu alikuwa hai au nilimbandika pale kwa gundi.

Nimemjibu alikuwa hai. Aliruka nikiwa nafuta umande kwenye lenzi.